Baleghe Peke Yake Haitoshi



Ndugu Waislamu wa Kayna, somo letu leo ni nikahi ya mabinti wadogo, na nitaanza na kosa langu. Mwaka 2007 nilimwozesha binti wa miaka 15. Walii alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo, mahari ilitajwa, na sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimruhusu msichana wa umri huo kuolewa. Nilimwuliza kama amekubali. Akanyamaza, nami nikasema kimya cha bikira ndiyo idhini yake. Baadaye mke wangu akaniambia kwamba binti alikuwa akilia ndani tangu asubuhi. Kwenye uzazi wa kwanza mtoto alikufa, mama akabaki na ugonjwa wa kuvuja mkojo, na mume akamrudisha kwao.

Tangu hapo nimerudia mara nyingi Suratun-Nisaa. Aya ya 6 inaamuru yatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa ndoa, na wakionekana wana busara, ndipo wapewe mali yao. Angalieni: baleghe peke yake haitoshi mtoto kukabidhiwa mbuzi wa urithi. Itatosha vipi kukabidhiwa nyumba, mimba na mume? Na Mtume (s.a.w.) alipojiwa na binti aliyeozwa na baba yake bila kupenda, alimpa hiari. Abu Daud ameipokea kutoka kwa Ibn Abbas.

Tuseme kweli, si dini inayotusukuma. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa, na pesa ikikosekana msichana ndiye anayebakishwa nyumbani. Kisha vita. Vilipofika Kanyabayonga na hapa kwetu mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, familia zilikimbilia Lubero na Butembo, zikaacha mashamba na mifugo. Baba anayelala na watoto wanane katika chumba cha kuazima anaona posa ni msaada: sahani moja imepungua.

Tena kuna mapatano ya wazee. Binti amepata mimba, pengine alishikwa kwa nguvu, pande mbili zinakaa, zinahesabu mbuzi, zinasema aibu imefunikwa. Aibu ya nani? Mbuzi wanaingia zizi la baba, na aya ya 4 ya sura hiyohiyo imesema mahari apewe mwanamke mwenyewe.

Katika nchi yetu, uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta wanawake 37 kwa mia wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18. Ule wa 2017-2018 ulikuta 29. Ilipungua, lakini hesabu hiyo ni ya kabla ya vita hivi. Na tangu mwaka 2016 sheria inataka miaka 18 kwa mume na kwa mke.

Ndugu mmoja ameniuliza kama naogopa serikali kuliko Mungu. Nilimjibu kwamba ninayemwogopa ni yule binti, siku atakaposimama mbele ya Mola wake na kunitaja.

Basi anayetaka nikahi hapa msikitini aje na karatasi ya kuzaliwa ya binti. Iliyopotea vitani, alete kadi ya chanjo au ya shule. Binti ataulizwa akiwa na mke wangu na mama mwingine, baba akiwa nje, siku tatu kabla.