Faharasa Mbovu, Diski Iliyojaa: Mafunzo Niliyopata Gusii

Natunza seva za sacco ndogondogo na maduka ya jumla, kuanzia Kisii mjini na Keroka hadi Nyamira. Karibu zote zinatumia SQL Server, nyingi zikiwa na lile toleo la bure, Express.

1. Anza na betri ya UPS

Mvua huku hunyesha karibu mwaka mzima, na radi za alasiri si mchezo. Stima hupotea, hurudi, hupotea tena. Hilo peke yake halipaswi kuharibu hifadhidata, kwa kuwa injini huandika kila muamala kwenye logi kabla ya kuubadilisha kwenye jedwali, na ikiwaka tena hujipanga. Balaa huletwa na diski inayosema imeandika ilhali data bado imo kwenye kumbukumbu yake ya muda. Taa ya kijani ya UPS isikudanganye. Jioni, seva ikiwa imezimwa, mimi huchomeka mzigo mwingine, nikang'oa waya ukutani, tuone itadumu dakika ngapi.

2. Faharasa mbovu haipigi kelele

Oktoba, msimu wa bonasi ya majani chai, foleni imefika nje. Karani anaandika jina la mama mmoja: hayupo.

"Kijana wangu, mmenifuta?"

"Hapana, mama. Hebu nipe namba ya uanachama."

Kwa namba akatokea, na akiba yake yote. Jedwali lilikuwa zima. Faharasa ya majina ndiyo iliyopoteza mstari wake. Hatari ni pale karani mwenye haraka anapomsajili mtu upya. Ikiwa faharasa iliyoharibika ni ile ya namba za kitambulisho, inayopaswa kukataa marudio, itampitisha. Baadaye ukiijenga upya itagoma, kwa kuwa sasa kuna watu wawili wenye kitambulisho kimoja, na hapo utakaa na fomu za karatasi ukilinganisha. Hakuna amri ya kukufanyia hiyo.

3. Soma namba kabla ya kugusa

DBCC CHECKDB ikileta makosa, tazama namba ya faharasa. Kuanzia 2 kwenda juu, kwa faharasa za kawaida, hiyo ni nakala tu ya kilichomo kwenye jedwali. Izime kwanza kwa DISABLE, ndipo uijenge kwa REBUILD. Wengi huruka hatua ya kuzima, na injini inaweza kujenga mpya kwa kusoma ile ile mbovu. Kisha endesha CHECKDB tena.

Ukiona 0 au 1, hiyo ni data yenyewe. Tafuta bekapu. REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS inajieleza kwa jina: hutupa kurasa zilizoharibika, na ukurasa mmoja wa kilobaiti 8 unaweza kubeba miamala ya wanachama wengi. Kwangu hiyo ni dawa ya aliyekosa bekapu kabisa.

4. Faili za ufuatiliaji ndizo huua bekapu

Fundi fulani anawasha ufuatiliaji atafute kinachochelewesha mfumo, halafu anaondoka. Ule unaokuja na SQL Server hauna neno; hujibana kwenye faili 5 za megabaiti 20. Wa kuogopwa ni uliowashwa kwa mkono bila kikomo, na zaidi ukaguzi wa C2, unaotoa faili za megabaiti 200 moja baada ya nyingine. Diski ikijaa, C2 huizima seva kwa makusudi.

Kabla ya kufika huko, bekapu ya usiku tayari imeshindwa kimyakimya. Express haina Agent ya kupanga kazi, kwa hiyo bekapu huendeshwa na Task Scheduler ya Windows, ambayo hakuna anayeifungua asubuhi.

Kufuta faili inayotumika hakuwezekani. Simamisha ufuatiliaji kwa sp_trace_setstatus yenye 0, uufunge kwa 2, ndipo ufute. Ukihitaji kufuatilia tena, tumia Extended Events, uweke ukubwa wa faili na idadi yake, kwenye diski isiyo ya hifadhidata.

5. Faili ya ufuatiliaji (.trc) ni siri ya wanachama

Ndani yake mna maswali yaliyotumwa kwa hifadhidata neno kwa neno: majina, namba za kitambulisho, viwango vya mikopo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihusu faili hiyo pia. Muuza programu wa Nairobi akiomba atumiwe "hiyo faili tu" kwa WhatsApp, mimi humwambia aingie kwenye seva kwa akaunti yenye jina lake, aisomee hapo hapo.