Pikipiki mpya, safari ndefu

SWALI: Msomaji wa Morogoro amenunua Boxer 150 mpya Kariakoo. Je, aiendeshe mwenyewe hadi nyumbani, karibu kilomita 200, au aipakie kwenye lori?

JIBU: Aiendeshe, ila asiwe na haraka. Katika injini mpya, ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa kwenye kuta za silinda. Ushauri wa vijiweni wa kwenda spidi moja ya chini mwanzo mwisho si mzuri. Ringi hukaa vizuri spidi inapobadilishwa mara kwa mara, bila kuvuta mafuta hadi mwisho. Kuing'ang'aniza gia kubwa kwenye mlima huku injini ikigugumia nako kunaiumiza.

Tairi nazo zina utelezi mwanzoni, kwa hiyo kona za kwanza asilale nazo.

Kabla ya kutoka dukani aangalie oili, upepo, breki, taa na nati za magurudumu. Pikipiki nyingi huja vipandevipande ndani ya boksi na kuungwa na mafundi hapahapa nchini. Alinganishe namba za chesisi na injini na zile za kwenye karatasi, na bima iwe tayari.

Chalinze apumzike, injini ipoe, aikague cheni: ikiwa mpya hulegea mapema. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa pikipiki nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000, maana hubeba chembechembe za chuma. Safari hii moja itakuwa imeshakula sehemu ya kilomita hizo.