SOMO LETU: SIMU INAYOSOMA JANI LA MUHOGO



Kusi ikivuma, ngalawa za Msimbati hukaa ufukoni. Siku hizo nyumba nyingi hutegemea muhogo. Sasa umeng'oa shina ambalo juu lilionekana zima, kumbe ndani mihogo ina madoa ya kahawia, haifai hata kwa makopa. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Jasho la mwaka mzima limepotea.

Siku hizi kuna programu ya simu janja iitwayo Nuru. Waliitengeneza watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na wa taasisi ya kilimo ya IITA. Inatumia akili unde; wengine husema akili mnemba. Neno hilo lisikutishe. Wewe ulijuaje herufi "a"? Uliiona mara nyingi, mwalimu akisema, "Hii ni a," mpaka ukaitambua popote. Mashine nayo ilionyeshwa maelfu ya picha za majani ya mihogo, zikiwamo za hapa hapa Tanzania. Wataalamu waliiambia: hili lina batobato, hili lina michirizi, hili zima. Leo ukielekeza kamera kwenye jani, inajibu kwa Kiswahili, hata pasipo na mtandao.

Je, tuiamini? Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, ilipotazama jani moja ilipata mara 65 katika 100. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58. Wakulima, kati ya 18 na 31. (Tusichekane; mimi ningekuwa huko chini.) Ilipoonyeshwa majani sita ya shina moja, ilifika 74 hadi 88. Basi jani moja halitoshi.

Tena Nuru haioni chini ya udongo, wala haiponyi. Inzi weupe hueneza ugonjwa, na sisi wenyewe twaueneza tunapopeana pingili, jirani kwa jirani, hata kuvuka Ruvuma kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Shina lenye dalili usilichukulie mbegu. Aina ya Kiroba nayo huugua, ila mihogo yake huvumilia. Mbegu bora waulizeni watafiti wa TARI Naliendele.

ZOEZI: Siku ya kuvuna, chagua shina moja. Chunguza majani sita, andika unachoona. Kisha ling'oe, ukate mihogo yake yote, uandike tena. Je, majani na mihogo vimesema jambo moja?