Tarehe ya Upasuaji Imepangwa, na Kunyonyesha Kupangwe

Mama aliyepangiwa kujifungua kwa upasuaji ana kitu ambacho mwenzake anayesubiri uchungu hana: anaijua siku. Anajua kwamba Jumatano asubuhi ataingia thieta, kwamba ataacha kula tangu usiku, na kwamba kabla ya adhuhuri mtoto atakuwa ameshazaliwa. Kwa hiyo familia hujipanga. Fedha au kadi ya bima ipo, ndugu wa kuchangia damu wamepatikana, khanga zimefuliwa, nepi zimenunuliwa. Kinachosahaulika karibu kila mara ni maziwa. Watu huchukulia kuwa yatakuja yenyewe, halafu siku ya pili wodini mama analia, mtoto analia, na shangazi ameshatumwa duka la dawa kununua maziwa ya kopo.

Upasuaji haukaushi maziwa. Mwili huanza kutengeneza maziwa kwa wingi baada ya kondo la nyuma kutoka, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiyazuia wakati wa ujauzito hushuka. Kondo hutoka kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na hutoka pia kwa aliyepasuliwa. Yanayochelewesha maziwa baada ya kisu ni mambo mengine: mtoto kukaa mbali na mama kwa saa nyingi, maumivu yasiyotulizwa, mama kushindwa kupata mkao, na titi kutonyonywa mara za kutosha. Mengi kati ya haya yanaweza kuzuiwa, na kazi kubwa ya kuyazuia hufanyika kabla ya siku yenyewe.

Kliniki ya mwisho kabla ya upasuaji, usiondoke bila kuuliza. Uliza utapewa ganzi gani. Wengi siku hizi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, wakabaki macho huku sehemu ya chini ya mwili ikiwa haihisi. Kifua na mikono ni vyako, na dawa hiyo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Hata ukipewa nusu kaputi, unaweza kunyonyesha mara tu unapozinduka vizuri na kuweza kumshika mtoto. Huna haja ya kukamua maziwa na kuyamwaga. Uliza pia mtoto atapelekwa wapi akishafutwa na kukaguliwa, nani atamleta, na baada ya muda gani. Kisha uliza kama ndugu anaruhusiwa kukaa nawe wodini, kwa sababu wodi nyingi za wazazi haziruhusu wanaume nje ya saa za kuona wagonjwa, na saa za mwanzo baada ya upasuaji huwezi kumwinua mtoto peke yako. Mama, dada au wifi atakayekaa nawe ajulikane kabla.

Majibu hayo yaandikwe kwenye faili lako. Unayezungumza naye kliniki huenda asiwepo thieta siku hiyo. Sentensi fupi inayosema kwamba mama anataka mtoto awekwe kifuani mapema hukusemea wewe ukiwa umelala mezani. Kama unatumia ARV, liseme hilo pia, ili dozi yako na ya mtoto isirukwe katika shughuli za siku hiyo.

Tarehe yenyewe ina uzito. Upasuaji uliopangwa bila sababu ya haraka kwa kawaida husubiri wiki ya 39, kwa sababu mtoto anayetolewa mapema zaidi huwa na hatari kubwa ya kupata shida ya kupumua. Wengi wa hao wa mapema pia husinzia na kuchoka upesi kwenye titi. Ukipewa tarehe ya wiki ya 37, uliza sababu, kwa adabu lakini mpaka uelewe. Ikiwa ipo, kama presha ya mama au tatizo la kondo, basi jiandae kuwa na mtoto anayehitaji kuamshwa ili anyonye.

Jifunze kukamua kwa mkono kabla hujalazwa. Osha mikono. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia bila kuburuza vidole kwenye ngozi. Baada ya muda zungusha mkono ukamue upande mwingine. Wapo wakunga wanaowafundisha wajawazito kukamua dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, kuanzia wiki ya 36. Usilifanye hilo bila kumuuliza daktari wako, hasa kama umewahi kutokwa na damu katika ujauzito huu au una hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Lakini kuujua mkono unavyokwenda hakuna madhara, na ndiyo ujuzi utakaokuokoa mtoto akilazimika kupelekwa wodi ya watoto wachanga.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na ushauri huo haukuwatenga waliopasuliwa. Thieta ina baridi, kifua kimefunikwa nusu na vitambaa vya upasuaji, mkono mmoja una dripu. Hata hivyo nafasi ipo. Mtoto aliyekaushwa, akiwa na kofia na nepi tu, hulazwa kifuani mwako kwa kukingama, karibu na shingo, ngozi kwa ngozi, kisha hufunikwa kwa khanga kavu. Uso wake uonekane na pua iwe wazi. Muuguzi au ndugu awe anamtazama muda wote, kwa sababu mama anaweza kusinzia au kupata kichefuchefu ghafla. Akilamba tu au akanusa bila kunyonya, ameshaanza. Kama wewe huwezi kumpokea, baba anaweza kumweka kifuani mwake mpaka utoke. Mtoto hatapoa, na atakapoletwa kwako atakuwa ametulia.

Wodini wazazi wengi huambiwa walale chali bila mto kwa saa kadhaa. Wapo wanaodhani kwamba mpaka muda huo uishe hakuna kunyonyesha. Sivyo. Ndugu amlete mtoto kutoka ubavuni, amlaze akikingama juu ya mbavu zako, tumbo la mtoto likigusa mwili wako mbali na mshono, amshikilie mgongo na mabega mpaka amalize. Ukiruhusiwa kugeuka, lala ubavu. Weka mto au khanga iliyokunjwa nyuma ya mgongo, nyingine katikati ya magoti, na taulo dogo lililokunjwa mbele ya mshono ili miguu ya mtoto isiupige. Yeye naye alale ubavu akikutazama, pua yake ikiwa usawa wa chuchu.

Ukianza kuketi, mkao wa kwapani ndio unaowafaa wengi waliopasuliwa. Mtoto hulala juu ya mito pembeni mwako, mwili wake ukipita chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma, na kiganja chako kikibeba mabega na shingo yake. Tumbo lako halibebi uzito wowote. Mito iwe ya kutosha kumfikisha usawa wa titi, maana ukijikunja kumfuata utaumia mgongo na mshono pamoja.

Katika mkao wowote, subiri mdomo ufunguke. Igusishe chuchu kwenye mdomo wake wa juu, na akifungua kama anayepiga mwayo, mlete haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia. Ukiona sehemu nyeusi ya titi imebaki zaidi juu ya mdomo kuliko chini, mdomo wa chini umebinukia nje, na unamsikia akimeza, yuko sawa. Maumivu makali yanayoendelea maana yake ameshika chuchu tupu. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo, mtoe, anza upya. Usivumilie, chuchu zitachubuka.

Na maumivu ya mshono vilevile yasivumiliwe. Wanawake wetu wamelelewa kumsifu anayekaa kimya, na hapa sifa hiyo inamgharimu mtoto, kwa kuwa maumivu na hofu huizuia homoni inayosukuma maziwa yatoke. Meza dawa kwa saa zilizopangwa, usingoje uzidiwe. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac zinafaa kwa anayenyonyesha. Dawa kali zaidi kama pethidine na tramadol zinaweza kumsinzisha mtoto, kwa hiyo ukiona haamki kunyonya au anapumua kwa shida, mwite muuguzi papo hapo. Ukiandikiwa codeine, sema kwamba unanyonyesha na uombe nyingine.

Jambo moja halisemwi sana kwa wazazi waliowekewa dripu nyingi. Maji yale huweza kujaa mwilini, miguu ikavimba, na matiti pia, mpaka sehemu nyeusi ikawa ngumu na mtoto akateleza kila anapojaribu kushika. Kabla ya kumnyonyesha, weka ncha za vidole kuizunguka chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani kwa dakika 1 hivi, mpaka palainike. Mara nyingi mtoto aliyekuwa akikataa hushika hapohapo.

Sasa zile siku ngumu, ya pili na ya tatu. Maziwa mengi kwa kawaida hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Baada ya upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo. Kabla ya hapo titi linatoa dang'a, maziwa ya mwanzo mazito yenye rangi ya njano. Ni machache kwa sababu mtoto naye anahitaji machache: siku ya kwanza, kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja kinamtosha. Yasikamuliwe na kumwagwa eti ni machafu. Yana kinga ambayo kopo halina. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Akisinzia mno, mvue nguo, msugue nyayo, mweke kifuani. Asiposhika kabisa, kamua dang'a kwenye kijiko au kikombe kidogo kisafi na umlishe taratibu.

Wageni watasema mtoto ana njaa. Jibu lako liko kwenye nepi. Siku ya kwanza tarajia walau nepi 1 yenye mkojo, ya pili 2, ya tatu 3, na kuanzia siku ya sita walau 6. Choo cha kwanza cheusi kigeuke kijani, kisha njano kufikia siku ya nne au ya tano. Uzito kupungua kidogo ni kawaida, hata asilimia 7, na mtoto aurudie uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki 2. Upungufu ukivuka asilimia 10, au sukari yake ikishuka, daktari anaweza kuagiza maziwa ya ziada. Mpe bila kujilaumu, kwa kikombe, na wewe endelea kukamua kila mara anapopewa, ili matiti yasidhani kwamba kazi imekwisha.

Nyumbani mnapokewa na mama zetu na bibi zetu, na bila wao mzazi angetaabika. Mtori, supu ya kuku na uji wa pilipili manga viendelee, mama anahitaji chakula na vinywaji. Lakini kumkanda tumbo kwa maji ya moto hakumfai aliyeshonwa, kwani kunaweza kumuunguza na kuufungua mshono. Mkaja usikazwe juu ya kidonda. Mtoto naye asipewe maji ya vuguvugu, asali wala dawa za tumbo za dukani, hata kwenye joto la Dar es Salaam la Januari. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji kwa miezi 6. Mwambie bibi haya kabla ya siku ya kujifungua, mkiwa mmekaa kwa utulivu, na ikiwezekana nenda naye kliniki ayasikie kwa mkunga.

Baba, sheria ya kazi ya Tanzania Bara inakupa walau siku 3 za likizo ya uzazi yenye malipo, mradi uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Nashauri usizimalize zote hospitalini ambako wauguzi wapo. Bakiza moja ya siku ile mama anaporudi nyumbani akiwa na mshono mbichi na matiti yaliyojaa, hawezi kuinua ndoo wala kuinama kitandani. Usiku mlete mtoto, mcheulishe, mbadilishe nepi. Mama asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto.

Rudini kituo cha afya siku hiyohiyo mkiona mshono umevimba, unatoa usaha au kunuka, mama ana homa, damu inatoka nyingi, mguu mmoja umevimba na kuuma, au titi lina sehemu nyekundu yenye joto. Kwa mtoto, ni kukataa kunyonya, kulegea, kupata joto au baridi isiyo ya kawaida, manjano yanayoongezeka, au nepi kubaki kavu. Tarehe ya kadi isingojwe, na mtoto aje pamoja na mama, kwa sababu hata akilazwa mmoja wao, kunyonyesha kunaweza kuendelea.