Nasaba ya Bilali wa Kisiwa cha Sapelo

Kuitafuta nasaba ni jambo lenye asili katika dini. Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao. Lakini wako waliovuliwa jina la baba kwa nguvu, nao ni Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani. Vizazi vyao leo vyatafuta khabari zao katika nchi iliyowahesabu wazee wao pamoja na ng'ombe na majembe.

Yafaa kwanza kujua mlango umefungwa wapi. Serikali ya Marekani ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1790, lakini hata katika hesabu za 1850 na 1860 mtumwa kwa kawaida hakuandikwa jina. Aliandikwa umri wake, na kwamba ni mume au mke, na rangi yake, chini ya jina la bwana wake. Hesabu ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Basi mwenye kumtafuta babu yake nyuma ya mwaka huo hana budi kumtafuta kwanza bwana aliyemmiliki: wasia wake, orodha ya mirathi yake, na hati zake za kununua na kuuza. Ni uchungu mtu kumpata mzazi wake kwa njia ya bei yake.

Bilali Muhammad aliponyoka giza hilo kwa sababu mbili: kalamu yake na vinywa vya wajukuu wake. Alikuwa mtu wa Timbo, katika nchi ya Futa Jallon, Afrika ya magharibi. Katika karne ya 19 alikuwa mtumwa wa Thomas Spalding katika kisiwa cha Sapelo, pwani ya Georgia, naye akafanywa msimamizi wa shamba. Alifariki kabla ya vita vya 1861, akaacha kurasa 13 za khati ya Kiarabu.

Kurasa hizo zilipitia mikononi mwa kasisi mmoja, Francis Goulding, na mwaka 1931 zikaingia katika Maktaba ya Jimbo la Georgia. Watu wakadhani ni kitabu cha khabari za maisha yake. Ndipo mtaalamu wa lugha, Joseph Greenberg, alipowaonyesha wanavyuoni wa Kano, nao wakazitambua. Naye akaeleza jambo hilo mwaka 1940. Hazikuwa khabari za maisha. Zilikuwa vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, aliyefariki mwaka 996: mambo ya udhu, adhana na sala. Risala kwa wafuasi wa Imam Malik ni kama Safina kwa Mashafii. Aliyetaka kuona humo jina la baba yake Bilali hakuliona. Lakini aliona chuo alichosomea, na madhehebu yake, na kwamba mtumwa huyo aliandika kwa moyo alichokisoma ujanani, pasipo mwalimu wa kumsahihisha.

Ama vinywa, vilisikilizwa katika miaka ya 1930, na maneno yao yakachapishwa mwaka 1940 katika kitabu Drums and Shadows. Bibi Katie Brown, mjukuu wa Margaret binti Bilali, aliwataja binti za mzee huyo, na miongoni mwao Medina, Fatima na Bentu. Akasimulia jinsi Bilali na mkewe Phoebe walivyovuta tasbihi na kuchunga nyakati za sala: jua lichomozapo, liwapo utosini, na lituapo. Akakumbuka pia mkate bapa wa mchele uliorowekwa usiku kucha na kutwangwa kinuni, ulioandaliwa siku moja kila mwaka wapewe watoto. Jina lake lilikuwa saraka. Shad Hall, mjukuu wa Hester, binti mwingine wa Bilali, alilitaja neno hilo hilo. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kufasiriwa: ni sadaka. Hati zote za bwana zisingaliweza kumwonyesha mtafutaji dini ya nyumba ile kama mkate huo ulivyoionyesha.

Cornelia Bailey, wa kizazi cha Bilali, aliandika maisha ya kisiwa hicho katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Alifariki mwaka 2017. Kurasa zile 13 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia.