Dondoo muhimu: Kuikata India kwa treni

Vivek Express hutoka Dibrugarh, Assam, hadi Kanyakumari, ncha ya kusini: zaidi ya kilomita 4,000, zaidi ya saa 70. Tiketi ikatwe mapema. Yenye herufi WL ni ya kusubiri, haina kitanda.

Kitanda cha juu ndicho bora, ingawa dari iko karibu na pua. Cha kati hukunjwa mchana, na cha chini hugeuka benchi la kila mtu. Behewa la vitanda lisilo na kiyoyozi halina shuka. Msafiri abebe lake.

Raha ni chai ya maziwa inayopitishwa behewani, na jirani anayemkaribisha mgeni chakula hata kabla ya kuulizana majina.

Karaha? Ukungu wa Desemba na Januari kaskazini, treni zikachelewa saa kadhaa. Ndege isiunganishwe siku hiyohiyo ya kufika.