"Nimekutumia Kimakosa, Nirudishie": Somo la M-PESA kwa Wafanyabiashara na Wakulima

Ni siku ya soko Masii. Mama muuza ndengu ana wateja watatu mbele yake, mizani mkononi, na simu yake inalia. Ujumbe unasema amepokea shilingi 3,500 kutoka kwa mtu asiyemjua. Kabla hajaumaliza kuusoma, anapigiwa. "Mama, samahani sana, nimekosea namba. Hizo pesa ni za karo ya mtoto. Tafadhali nirudishie kwa namba hii nyingine." Sauti ni ya heshima, tena ya mtu mwenye shida. Mama ana huruma, na wateja wanangoja. Anatuma. Jioni anapohesabu mauzo, mtaji wa kununua gunia lingine haupo.

Huo ni mfano tu, lakini ujanja wa aina hii hutumika kila mahali ambapo watu wanauza na kununua kwa simu, iwe ni Tala, Matuu, Mlolongo au Marikiti mjini Machakos. Somo la toleo hili linaeleza jinsi unavyofanya kazi, na jinsi mwananchi anavyoweza kuwa mwaminifu bila kuibiwa.

Huduma hii ilikotoka

Safaricom ilizindua M-PESA Machi 2007. Kabla ya hapo ilifanyiwa majaribio kuanzia 2005 jijini Nairobi na katika mji wa Thika, ulio jirani na kaunti yetu. Lengo la kwanza lilikuwa kuwasaidia watu wenye mikopo midogo kulipa kwa simu. Wakati wa majaribio ilionekana kwamba watu wanaitumia zaidi kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikafuata mkondo huo. Leo karo, nauli, mbegu na kodi ya nyumba hulipwa kwa simu. Tangu Agosti 2023, akaunti moja ya M-PESA inaruhusiwa kuwa na hadi shilingi 500,000. Kwa hivyo simu iliyo mfukoni inaweza kubeba mtaji wote wa familia.

Funzo la kwanza: ujumbe si pesa

Ujumbe wa M-PESA ni taarifa tu. Pesa zenyewe ziko kwenye salio. Tapeli anaweza kuandika ujumbe unaofanana na ule wa kweli, wenye jina, tarehe na kiasi, kisha akautuma kutoka kwa laini ya kawaida. Ukirudisha "pesa" hizo, unatoa zako mwenyewe, kwa sababu hakuna kilichoingia.

Dawa yake ni kuangalia salio kupitia menyu ya M-PESA au kwa kubonyeza *334#. Usiamini salio lililoandikwa ndani ya ujumbe. Kama kiasi hakijaongezeka, hakuna mjadala.

Funzo la pili: hata pesa za kweli usizirudishe mwenyewe

Hapa ndipo watu waangalifu hunaswa. Wakati mwingine pesa zimeingia kweli, na salio limeongezeka. Mpigaji anaomba urudishe kwa "namba nyingine", labda ya mkewe au ya mwalimu mkuu. Ukishatuma, yeye anawasilisha ombi kwa Safaricom kwamba ule muamala wa kwanza ulikuwa wa makosa. Katika kumbukumbu, pesa alizokutumia bado hazijarudi kwake, kwa sababu wewe ulituma kwa namba tofauti. Ombi lake likikubaliwa, unapoteza mara mbili.

Ndiyo maana kuna njia moja ya kurudisha pesa zilizopotea njia. Aliyekosea ndiye anayeanza. Anatuma ule ujumbe wa muamala kwa namba 456, au anatumia *334#. Safaricom huangalia kama pesa bado zipo kwa aliyepokea, huzizuia, kisha huwasiliana naye kabla ya kuzirejesha. Njia hii humlinda anayetuma na anayepokea.

Jibu la mwananchi mwaminifu basi ni fupi: "Pole. Tuma ujumbe wako kwa 456. Sitazigusa pesa zako." Aliyekosea kweli atashukuru. Tapeli atakasirika, atakuharakisha, au atakata simu.

Funzo la tatu: usizile

Kukataa kurudisha mwenyewe hakumaanishi pesa ni zako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeficha au kuzuilia malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ziache kwenye akaunti. Ukipigiwa na Safaricom kuulizwa, sema ukweli.

Kwa mfanyabiashara kuna jambo la ziada. Mteja mjanja anaweza kununua bidhaa, kulipa, kuondoka, kisha kudai alikosea namba. Weka daftari la mauzo: jina la mteja, bidhaa, kiasi na saa. Ukiulizwa, utakuwa na la kuonyesha.

Ukikosea wewe

1. Soma jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha. Hapo ndipo makosa mengi huweza kuzuiwa.
2. Ukigundua umekosea, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzipata ni vigumu.
3. Usianze kwa kumpigia mpokeaji na kubishana naye. Wasilisha ombi kwanza.
4. Mpokeaji akikataa kuziachilia, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Mambo ya kukumbuka

Safaricom huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000. Hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza namba yako ya siri, awe wa Safaricom, wa benki au wa serikali. Ujumbe au namba ya tapeli itume kwa 333, bila malipo. Unaweza pia kubonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Jipime

Soma maswali haya pamoja na jamaa, hasa wazazi walio nyumbani peke yao mchana.

Umepokea ujumbe wa pesa usizotarajia. Unaangalia nini kwanza? (Salio, kwa menyu yako mwenyewe.)

Mpigaji analia na kuomba umrudishie sasa hivi. Unamwambia nini? (Atume ujumbe kwa 456.)

Amekata simu na hajapiga tena, lakini pesa zimo. Unafanya nini? (Unaziacha hapo, huzitumii.)

Mama wa Masii hakukosa uaminifu. Alikosa habari moja tu: kwamba kazi ya kurudisha haikuwa yake. Mwambie jirani kabla ya siku ya soko ijayo.